Maharage Yaliyokwenda Mbali Ili Yawe ya Karibu

Alfajiri, kabla ya jogoo, kifuniko cha sufuria yangu huanza kutetemeka. Ni mlio mdogo, kama meno ya mtoto aliyeshikwa na baridi. Maana yake maharage yamekubali. Basi huamka nikatia chumvi, nikapakua bakuli la kwanza, nikalifunika kwa jani la mgomba na kulivusha mfereji kumpelekea Mwasiti. Nilifanya hivyo miaka mitatu, mvua na jua, mpaka Serikali ilipoanza kutusaidia.

Mwasiti ni mwenzangu tangu tukiwa wasichana. Miguu ilimgomea mwaka ule wa mvua kubwa, na meno yalikuwa yameshatangulia. Watoto hakujaliwa, mume alimzika. Akabaki na kitanda, dirisha moja na ulimi, na ulimi ulikuwa mzima kabisa. Nikichelewa ananiuliza kama maharage yalikuja kwa miguu yao wenyewe. Nikisahau chumvi ananiuliza kama chumvi nayo imeajiriwa serikalini, maana haionekani kazini.

Kutoka mlangoni kwangu hadi kwake ni hatua sitini. Tulipokuwa vijana zilikuwa arobaini, na nyumba hazijasogea.

Kuna jambo la kwetu lazima niwaeleze, la sivyo hamtanielewa. Huku mtu haingii kwa mgonjwa mikono mitupu. Ataleta yai, ataleta ndizi moja, hata chumvi kidogo, lakini ataleta kitu cha kuliwa. Anayeingia kwa mgonjwa mikono mitupu ni mmoja tu, mzee anayepima urefu wa kaburi, kwa kuwa yeye hupima kwa shubiri na mikono yake haina budi kuwa huru. Kwa hiyo ukimwendea mgonjwa bila kitu ni kama umemwambia kwamba umekuja kumpima.

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Iko mbali sana na kwenu, hamjapata kuisikia.

Katika nchi hiyo tuna Mlezi Mkuu, na mwaka huo yeye na mawaziri wake walialikwa ng'ambo kwenye mkutano wa kuihurumia hewa. Huko wakaambiwa kwamba chakula kikisafiri mbali kinachafua hewa, na kwamba ni bora watu wale kinacholimwa karibu nao. Habari hiyo iliwaumiza sana viongozi wetu. Walirudi nyumbani mara moja, kwa ndege kumi na moja, wakaanzisha Wizara ya Chakula cha Karibu na Hewa Safi. Wizara ikatoa kanuni kwamba chakula chochote kilichotoka zaidi ya kilomita ishirini kisipite mkono hadi mkono bila kibali.

Nilipoisikia redioni nilifurahi, sisemi uongo. Nilifikiri hatua zangu sitini, nikaona kwamba hatimaye tumepata Serikali inayofanana na sisi.

Aliyekuja kutusomea kanuni hiyo alikuwa Afisa wa Mwendo wa Chakula, Bwana Sempombe. Ni mtu mzima, mvi zimeshaanza masikioni, amebakiza miaka michache astaafu. Alikuja kwa miguu kutoka barabara kuu na vumbi hadi magotini, na kabla ya kuanza kusoma alituomba radhi kwa kutusimamisha juani. Hakuna aliyepata kutuomba radhi kwa jua. Nikampenda.

Alieleza kwamba umbali wowote lazima uanzie mahali. Wataalamu walijadiliana miezi minne, wengine wakisema uanzie kwenye mdomo wa mlaji, wengine wakisema shambani. Ikaonekana midomo ni mingi mno na haitulii, na mashamba kila siku yanagawanywa na warithi. Basi wakachagua kitu kisichohama, nacho ni mlango wa mbele wa Wizara. Kutoka mlango huo hadi kijijini kwetu ni kilomita mia nne na kumi na mbili. Kwa hiyo maharage ya nyuma ya nyumba yangu yalikuwa chakula cha mbali.

Nikanyoosha mkono. Nikamwuliza, "Mwanangu, na sisi wenyewe tuko mbali na nani?"

Aliitazama karatasi, akaigeuza, akatazama nyuma yake.

"Bibi," akasema, "hilo halikuandikwa."

Kesho yake nilitoka na bakuli langu kama kawaida. Nilimkuta Bwana Sempombe amesimama kwenye ubao wa mfereji, umande umemlowanisha suruali. Ubao ule huteleza asubuhi. Alinishika kiwiko, akanivusha pole pole, akahakikisha nimekanyaga chini kwa miguu yote miwili, ndipo akalikamata bakuli. Alingoja nivuke kwanza, nisije nikaanguka kwa mshtuko. Mambo kama hayo mtu huyakumbuka.

Alinieleza kwamba sijafanya kosa, ila maharage yamefanya. Dawa yake ni kuyapeleka Wizarani. Yakifika kwenye ule mlango yatapimwa umbali, yataonekana hayana umbali wowote, yatapigwa muhuri, kisha yatarudishwa yakiwa ya karibu. Hapo nitaruhusiwa kumpa Mwasiti.

Nikamwuliza itachukua siku ngapi, kwa sababu maharage ni maharage. Akanisomea kwamba chakula kisicheleweshwe. Nikauliza kisicheleweshwe kupita siku ngapi. Akatafuta sana, hakuona.

Jani langu la mgomba lilikataliwa, kwa kuwa jani halina mahali pa kuandika namba. Bakuli likafungwa nailoni ya kijani, tabaka tatu, na juu ya kila tabaka pameandikwa TUNAPINGA NAILONI. Kisha likaja lori, lori kubwa la matairi kumi, limechorwa jani mlangoni, linatoa moshi hadi kuku wangu wakaingia ndani wakidhani ni usiku. Lilikuwa limekuja kuchukua bakuli moja. Dereva alikuwa anaitwa Kilumbi. Kanuni ilimtaka aliweke nyuma, kwenye sehemu ya mizigo, lakini alinitazama usoni, akaenda kuliweka kwenye kiti kilicho kando yake na kulifunga mkanda. Mkanda wake yeye ulikuwa umekatika siku nyingi.

Nikasimama njiani nikaliangalia likiondoka. Ng'ambo ya mfereji Mwasiti alikuwa dirishani.

"Mwenzangu," akaniita, "na kijiko wamekipeleka?"

Msidhani Serikali ilimwacha Mwasiti na njaa. Wizara inalima kabichi juu ya paa lake, katika madebe, na kabichi hizo ziko moja kwa moja juu ya ule mlango, kwa hiyo ndizo chakula cha karibu kuliko vyote nchini. Kila wiki Kilumbi alimletea Mwasiti kabichi moja kwa lori lile lile. Ilikuwa mbichi, ngumu kama kichwa cha mtu aliyepata cheo juzi. Mwasiti hana meno, wala hawezi kusimama akapika.

Nilikwenda kwa Bwana Sempombe kuuliza kama naweza kuichukua nikampikie kwangu. Ikaonekana hizo zingekuwa safari mbili, ya kwenda na ya kurudi, zote bila kibali. Nikauliza kama naweza kupika kule kule kwake. Akasema kwa huzuni kwamba jiko la Mwasiti limepigwa lakiri, maana nyumba iliyopokea kabichi ya Wizara imeshahesabiwa kuwa nyumba ya hewa safi, na namba yake imeshatangazwa ng'ambo. Ikitoa moshi sasa itaiaibisha nchi. Aliniambia hayo akiwa ameinamisha kichwa, na alinipa kiti chake nikae, yeye akasimama.

Basi nikarudi nyumbani. Asubuhi iliyofuata nilifika mpaka kwenye ubao nikasimama. Nilitazama mikono yangu. Nilikuwa nimeipaka mafuta, ilikuwa safi, na haikuwa na kitu. Nikafikiri: nikiingia hivi, atajua nimekuja kumpima. Nikarudi.

Sikuwa peke yangu. Majirani wote waliokuwa wakimpitia, huyu na ndizi, yule na kipande cha muhogo, wote waliogopa mikono yao. Mkono mtupu haulambwi, wakasema, na wakaanza kupita njia ya nyuma ili wasionekane dirishani kwake wakipita bila kuingia. Waliona haya. Nataka mjue kwamba ilikuwa ni haya tu, hawakuwa wabaya.

Nilimsalimu kwa sauti kila asubuhi kutoka upande wangu. Siku za kwanza alijibu. Aliuliza maharage yamefika wapi, nami nilimwambia yatakuwa yameshavuka mto wa pili. Akasema yakifika mjini yasisahau kwao, maana vijana wengi wamepotea hivyo. Nilicheka mpaka machozi. Baada ya wiki moja hivi, sikusikia jibu tena. Nikajiambia amelala. Kesho yake nikajiambia amelala. Mtu akijiambia jambo mara nyingi mwishowe huona kama ameambiwa na mwingine.

Njia yangu ya hatua sitini ikaota majani.

Wakaja wataalamu kutoka Wizarani, watatu, magari matatu, wakayapiga picha yale majani. Walipima urefu wake kwa rula. Mmoja wao aliniomba maji, nikampa, akanishukuru vizuri, mtoto mwenye adabu. Jioni ile redio ikatangaza kwamba kijiji chetu kimeongoza nchi nzima. Mwendo wa chakula kutoka nyumba hadi nyumba umeshuka mpaka sifuri, na katika njia zilizokuwa zimeharibiwa na miguu ya binadamu uoto wa asili umerejea. Watu walipiga makofi redioni. Nami nilijisikia fahari kidogo, kisha nikakumbuka ni njia ipi.

Siku ya kumi na tisa bakuli langu likarudi.

Lilirudi na Waziri mwenyewe, katika msafara wa magari kumi na manne. Walisimamisha hema, na kando ya hema wakawasha mtambo wa kupuliza ubaridi, ukanguruma tukawa tunasoma midomo. Bakuli lilikaa mezani, juu ya kitambaa cheupe, bado limefungwa nailoni zake tatu. Waziri akasimama, mtambo ukazimwa ili asikike, na akasema maneno ambayo nimeyashika kwa moyo.

"Ndugu wananchi, bakuli hili liliondoka hapa likiwa la mbali. Leo limerudi likiwa la karibu. Limesafiri kilomita mia nane na ishirini na nne ili ninyi msihangaike kusafirisha chakula. Nawauliza, ni nani amewahi kuwafanyia jambo kama hili?"

Tukapiga makofi, kwa kuwa ni kweli, hakuna aliyewahi kutufanyia jambo kama hilo.

Kisha wakakata nailoni. Maharage yalikuwa nusu, nusu nyingine iliingia katika vipimo. Yaliyobaki yalikuwa yameota manyoya, mazito na laini, ya kijani. Harufu ikatoka ikakaa nasi hemani kama mgeni mwingine. Waziri aliweka leso puani, akayatazama kwa muda, akatamka kwamba hata rangi imekubaliana na sera. Ikapigwa picha. Nikaitwa mbele, nikakabidhiwa bakuli kwa mikono miwili pamoja na cheti, nikaambiwa sasa niko huru kumpelekea mlengwa.

Waziri akauliza mlengwa yuko wapi. Akaambiwa hawezi kutembea, ila nyumba yake ni ile pale, ng'ambo ya mfereji. Aliitazama, akasema ni nyumba nzuri yenye hewa, na kwamba atamtembelea katika awamu ya pili. Wakaingia magarini. Moshi wao ulituchukua muda kuumaliza.

Nilibaki nimeshika bakuli. Nilisimama tu. Nilikuwa nimengoja siku kumi na tisa nipate kitu cha kuingia nacho, na sasa nilikuwa na kitu.

Bwana Sempombe alikuja akalichukua mikononi mwangu bila kuniuliza. Alikwenda nyuma ya hema, akayamwaga maharage, akayafukia kwa kiatu, akaliosha bakuli kwa maji yake ya kunywa na kulikausha kwa pindo la shati la sare. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Hilo nalo halikuandikwa," akasema. Kisha akasema, "Bibi, nenda kwake."

Nikamwambia sina kitu.

"Mimi huenda kila jioni," akasema. "Chai yangu ya kazini haina umbali, kanuni imetusamehe watumishi. Namtilia biskuti ndani inalainika, anameza kidogo. Lakini tangu juzi hamezi. Na hajapata kuniuliza chakula hata siku moja. Ananiuliza wewe."

Nikajaribu kumweleza mila yetu, habari ya mikono, habari ya mzee wa shubiri. Alinisikiliza mpaka mwisho kama anavyosikiliza kila mtu.

"Kwetu hatuna mila hiyo," akasema. "Kwetu mgonjwa huendewa na mtu."

Nikasema sawa, nitakwenda, ila acha nipitie nyumbani kwanza nione kama kuna chochote.

"Bibi," akasema, "usipitie nyumbani."

Nikavuka ubao. Majani ya njiani yalinifika magotini, majani mazuri kweli, sitayalaumu. Nilisukuma mlango nikaingia.

Chumba kilikuwa kisafi. Baadaye nilijua nani alikuwa akifagia. Ukutani mkabala na kitanda zilikuwa zimepangwa kabichi tatu. Ya kwanza ilikuwa imeshanyauka ikawa ya manjano, ya pili imelala upande, ya tatu bado imenyooka. Mwasiti alikuwa mdogo sana kitandani. Nilimtafuta kwanza, kisha nikamwona.

Aligeuza macho. Hakunitazama usoni, alitazama mikono yangu. Niliificha ndani ya kanga, lakini alikuwa ameshaiona.

"Umekuja kunipima?" akaniuliza.

"Nimekuja kukaa."

"Basi kaa," akasema. "Hawa waheshimiwa hawazungumzi." Akanitambulisha kwa kidevu. Ile iliyonyooka ilikuwa Waziri. Iliyolala ilikuwa Katibu wake. Ile ya manjano, iliyokuwa ya kwanza kuja, aliiita Mlezi Mkuu, na akaniomba nisiikaribie, kwa sababu ya harufu. Alisema wamekuwa wageni wema, hawakuomba hata maji, ila usiku mtu akitaka kugeuzwa upande hawasaidii.

Nilicheka, na nikiwa nacheka nikashindwa kuendelea. Nikamwomba radhi. Nikamwambia nilisimama kwenye ubao kila siku, nikarudi kwa sababu ya mikono. Nilimwambia nilimwita kila asubuhi, nikadhani amelala.

"Nilikuwa naitika," akasema. "Kila siku naitika. Nadhani sauti ilikuwa inaangukia mfereji."

Alinyoosha mkono akaitoa mikono yangu ndani ya kanga, mmoja mmoja, akaiweka juu ya shavu lake. Ilimchukua muda mrefu na sikumharakisha. Akasema ina moto. Akasema inanuka kitunguu, na alikuwa amesahau kitunguu kinavyonuka.

Tulikaa. Nilimgeuza upande. Nilimsuka nywele zilizobaki, si nyingi. Nilimsimulia hotuba ya Waziri yote kama ilivyosemwa, na ile sehemu ya rangi na sera akaniomba niirudie mara mbili. Nilimlowanishia midomo kwa maji ya mtungi wake mwenyewe, yasiyo na umbali. Hakutaka kingine. Nilikuwa nimeogopa siku zote zile kwamba atakufa kwa njaa ya maharage yangu, nami hata maharage hakuyauliza, isipokuwa mara moja, alipotaka kujua kama Kilumbi yule dereva alirudi salama pamoja nayo leo. Nikamwambia alirudi. Akasema vizuri, alikuwa mtu wa kupunguza mwendo kwenye madimbwi, asimrushie mtu tope dirishani.

Jua liliposhuka nikainuka kwenda kufunga kuku. Alinishika kidole kimoja, kidole tu, na nguvu aliyokuwa nayo haikutosha hata hicho.

"Kesho uje tena," akasema.

"Nitakuja."

"Na ukibisha hodi nisiitike, usirudi. Ingia."